Je, inafaa kumfunga kizazi paka jike?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Niko Arua, Uganda, upande wa Oli. Nina paka jike wa miezi mitano. Daktari wa mifugo yuko tayari kumfanyia upasuaji asizae, lakini mama mkwe anakataa, anasema ni kubadilisha umbile la Allah. Hapa mtaani paka akizaa, vitoto hutiwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) vikatupwa. Nifanyeje? Na akilala na kidonda chake kwenye mswala wangu, swala yangu inasihi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Dada yangu, mama mkwe wako hakusema ovyo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadilishe aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, na wako wafasiri wa Qur'ani wa mwanzo waliosema kuhasi wanyama, yaani kuwaondolea uwezo wa kuzaa, kunaingia humo. Sisi huku wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, na Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo, amesema mnyama asiyeliwa hahasiwi, awe mdogo au mkubwa. Usibishane naye kwa ukali.

Ila Mahanafi, wanaofuata madhehebu ya Hanafi, wamemtaja paka kwa jina lake: kumhasi kwa manufaa au kwa kuondoa madhara hakuna ubaya. Katika zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki 2001, alijibu kwamba paka wakikithiri wakaudhi, na upasuaji hauwadhuru, hakuna tatizo. Mimi nashika kauli hiyo, na kinachonisukuma ni hiyo kaveera. Paka huweza kutaka dume tangu miezi minne, na mimba yake ni kama miezi miwili tu. Kukiacha kiumbe hai kife kwa njaa jalalani ni dhambi isiyo na khilafu (tofauti ya wanavyuoni). Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini.

Sharti langu ni moja: akatwe na daktari aliyesomea, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha ihsani, yaani kutenda kwa wema, hata tunapochinja, sembuse kwa mnyama tunayetaka aishi.

Akirudi nyumbani, amana iko mikononi mwako. Mlaze chini, mahali pakavu penye joto, kwenye boksi lenye kitambaa safi; akiwa bado analewa dawa asiwekwe kitandani, ataanguka. Mpe maji, kisha mukene (dagaa) kidogo akishazinduka vizuri. Asitoke nje, asiruke, asiogeshwe mpaka kidonda kifunge, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Asilambe nyuzi: mvalishe ile kola ya shingoni. Kila siku mgeuze taratibu utazame tumbo. Wekundu kidogo si kitu, lakini uvimbe unaokua, usaha, harufu, damu isiyokoma, au kukataa chakula siku nzima, mrudishe kwa daktari bila kungoja. Na nakuomba sana, ukimwona ana maumivu usimpe Panadol. Kwetu ni dawa ya kila nyumba, lakini humuua paka, hata kipande cha kidonge. Dawa ya maumivu aitoe daktari.

Kuhusu swala: paka si najisi. Kabsha bint Kaab alimmiminia baba mkwe wake, sahaba Abu Qatada, maji ya udhu. Akaja paka, mzee akamwinamishia chombo anywe. Alipomwona mkwewe anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia. Simulia hadithi hii mbele ya mama mkwe, ataipenda. Manyoya machache yaliyonasa kwenye nguo yanasamehewa. Kilicho najisi ni damu na usaha wa kidonda: tone dogo linasamehewa, likizidi osha mahali pale kwa maji, usali. La wepesi zaidi, kunja mswala uuweke juu ya kabati mpaka nyuzi zitolewe.

Wallahu aalam.