Kontena juu ya matofali?

Mkuu, umeuliza kama nyumba ya kontena la futi 40 unayoipeleka Kigamboni inaweza kukaa juu ya matofali tu. Kwa wiki moja, sawa. Kuishi humo, hapana. Uzito wake unakaa zaidi kwenye kona nne. Masika ikianza, kona moja ikizama kidogo tu, mlango unagoma. Wangu uligoma, na tofauti ilikuwa sentimita mbili!

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba mpaka ardhi ngumu, kisha simamisha nguzo fupi za zege lenye nondo: nne za kona na mbili za katikati. Vichwa vyote vilingane. Mpira wa maji wa fundi, ule wa kupimia usawa, unatosha, ila simama mwenyewe uone maji yakitulia, usiambiwe tu "iko sawa bosi". Zege limwagiliwe siku saba, na usiharakishe kulibebesha mzigo.

Mabomba ya choo yatangulie. Kibali cha manispaa pia. Halafu pima njia: semi-trela yenye mzigo wa mita 12 haikati kona za uchochoroni, na winchi ya kulishusha kontena haitaki nyaya za umeme juu yake. Mchanga wa huko nao unanasa matairi, mwaga kifusi kwanza.