Reli za makaa ya mawe: anza na mteremko, injini baadaye

Wengi wanaoanza somo hili hukimbilia injini ya mvuke. Iache kwanza. Kandokando ya mito Tyne na Wear, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, makaa yalikuwa yakisafiri kwa reli za mbao na farasi tangu karne ya 17. Ukipata ramani ya njia yoyote ya zamani, tafuta mambo mawili: mgodi uko juu kiasi gani, na mto uko wapi. Behewa lililojaa liliteremka, tupu likapanda. Ndiyo maana farasi mmoja aliweza behewa la chaldroni moja ya Newcastle (kipimo cha makaa cha zamani), yaani handredweiti 53, karibu kilo 2,700. Usiichanganye na chaldroni ya London, ambayo ni kama nusu yake tu. Kosa hilo likiingia kwenye hesabu zako, kila kitu kitavurugika.

Kazi ngumu basi haikuwa kuvuta. Ilikuwa kuzuia. Breki ilikuwa gogo refu lililopindwa kufuata mviringo wa gurudumu la nyuma, ncha moja ikiwa imeshikizwa kwenye fremu. Penye mteremko mkali dereva alimfungua farasi, akamfunga nyuma ya behewa, kisha akalikalia gogo kwa uzito wake wote. Ukikuta mchoro wa behewa lenye magurudumu ya chuma mbele na ya mbao nyuma, usidhani chuma kiliisha: breki hung'ang'ania mbao vizuri zaidi. Kwenye mvua au barafu reli huteleza, ikabidi kumwaga majivu juu yake. Kwenye jua kali tatizo ni jingine: gogo husuguliwa hadi likafuka moshi.

Njia zenyewe zilijengwa kwa reli mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ilipigiliwa kwenye mataruma, ya juu ikapigiliwa juu ya hiyo. Ya juu ikilika, unaing'oa peke yake bila kutoboatoboa mataruma. Pia unapata kina cha kuyafukia mataruma kwa kifusi, kwato za farasi zisiyachakaze. Kwa bonde refu lilihitajika daraja. Causey Arch, lililokamilika miaka ya 1720, lilibeba njia mbili, ya mabehewa yaliyojaa na ya matupu.

Penye mwinuko mkali kupita kiasi kwa farasi, kamba ilizungushwa kwenye gurudumu kubwa huko juu: mabehewa yaliyojaa yanashuka yakiyavuta matupu. Mpango huu unadai vitu viwili. Mteremko usiwe mdogo, maana uzito utashindwa na msuguano. Na kamba ipite juu ya vigurudumu katikati ya reli, la sivyo inakatika kwa kuburuzwa.

Sasa injini. Shida yake ya mwanzo ilikuwa chini ya magurudumu: reli za chuma cha kusubu zilivunjika kwa uzito wake. Huko Wylam, mgodi kando ya Tyne, injini iliongezewa magurudumu yakawa manane ili kuugawa mzigo. Mwaka 1820 John Birkinshaw akapata hataza ya reli za chuma cha kufua, ambazo hupinda kabla ya kuvunjika. Upana wa njia za migodini alikofanyia kazi George Stephenson ndio uliozaa milimita 1,435 za SGR ya Kenya na Tanzania.

Kwenye kupakia, adui ni kuvunjika. Wanunuzi walitaka mabonge. Mgodini makaa yalimwagwa juu ya vyuma vilivyopangwa kama chekeche, vumbi likapita chini. Lakini kazi hiyo yote hupotea gatini ukiyamwaga makaa kutoka juu kwa mfereji wa mbao, hasa maji yakiwa yamekupwa na meli iko chini. Dawa ikawa kuliteremsha behewa zima. Mkono mrefu wenye uzito wa kusawazisha upande wa pili ulilishusha polepole hadi juu ya mlango wa ngama ya meli. Mtu aliyeshuka nalo aligonga komeo, sakafu ikafunguka, makaa yakaanguka umbali mfupi tu. Behewa likishakuwa jepesi, ule uzito ulilipandisha wenyewe.

Wafanyakazi wa matishali ya Tyne, waliobeba chaldroni 8 kila safari hadi kwenye meli, waliiona mapema hatari ya kupoteza kazi, kwa kuwa behewa sasa lilimwaga makaa melini moja kwa moja. Mwaka 1822 waligoma.