Uliza Tantini: «Anataka dola 200 ao anatuma picha kwa baba»

Mwezi hii barua mingi zimeanguka juu ya mambo ya homo na lesbiene, zingine za kulia, zingine za matusi, njo maana nimeziweka pamoja. Majina nimetoa yote, musinipigie simu kuniuliza ni mutoto ya nani.

«Tantini jambo. Niko na miaka 24, naishi Komini Kenya hapa Lubumbashi, niko nasoma univ. Nilizoeana na kijana moja ku Facebook, tukakutana ku bare, kisha akaniomba picha, nikatuma. Sasa kila siku ananiandikia ku WhatsApp eti nimupe dola 200 ao anatuma picha kwa baba yangu, tena anasema ndugu yake ni polisi, watanifunga juu loi inakataza. Nilishamupa 50, sasa anataka ingine. Sina mutu ya kuambia.» E.

Mutoto yangu E., pole sana. Usimupe tena hata franka moja. Ile 50 njo ilimuonyesha kama unaogopa na unajua kutafuta makuta, ukimupa 200 atarudia kisha wiki mbili na atapandisha bei.

Ile ya loi amekudanganya. Code pénal yetu ya Kongo, ile sheria ya makosa na malipizi, ni ya tarehe 30 Januari 1940, ya wakati ya Wabeleji, na hakuna mahali inasema mwanaume na mwanaume, ao mwanamuke na mwanamuke, ni kosa. Kitu polisi wanapendaka kutaja ni article 176, ya kuvunja heshima mbele ya watu, siku 8 mupaka miaka 3, lakini ile inaongea vitu vya hazarani, na maneno yenu ya WhatsApp haiko hazarani. Kelele ya 2024 munayokumbuka, ni deputé Constant Mutamba alileta mupango ya sheria ya kukataza homo, na mu 2010 ingine ililetwa vilevile, lakini mupango ya sheria haiko sheria, na mupaka naandika hapa hakuna yenye imepita.

Sisemi polisi hawezi kukusumbua, tunajuana hapa Lubumbashi, OPJ, ule polisi wa kufanya anketi, anaweza kukulaza mu buloko usiku moja juu ya amande yenye haina risiti. Ikifika vile, shika hizi: article 17 ya Constitution inakataza kukufuata juu ya kitu sheria haijaita kosa, na article 18 inasema wakuambie sababu ya kukukamata mu luga unasikia, wakuache uongee na famille ao avoka, na wasikushike zaidi ya saa 48. Na PV, ile karatasi wanaandika maneno yako, usiisaini kama hujaisoma yote.

Mwenye kosa hapa ni huyu kijana. Kutisha mutu ili atoe makuta Code pénal inapatia buloko, na tangu Machi 2023 tuko na Code du numérique yenye inagusa watu wa kusumbua wengine ku simu na intaneti. Kwa hiyo usifute kitu hata kama unasikia haya, piga kapture ya mesaji zote zenye namba na saa, na kama ile 50 ilipita ku M-Pesa ao Airtel Money, ile mesaji ya kutuma iko na jina ya mwenye laini, ile njo dhahabu yako. Peleka yote kwa avoka, kwa polisi usiende peke yako. Kisha mumoja ya kwenu, dada ao mujomba ule unajua hawezi kupiga kelele, mwambie mbele huyu bandi hajaandika, juu siku mutu ya kwenu anajua, kijana anabakia na picha yenye haina bei.

«Tantini, wazungu wanakulipa ngapi?» Musomaji, Kampemba

Bado hawajalipa, baba. Wakileta nitakuita tugawane.

«Mutoto yangu mwanamuke, miaka 19, nimekuta anapendana na msichana mwenzake wa korali. Sisi ni Wakatolika lakini juu ya haya nilimupeleka mu chumba ya maombi, pastere anasema ni pepo, anataka nimuache kule siku 21 bila kula na nilete dola 300. Bamama ya ku avenyi wameanza kusema. Nifanye nini?» Mama, Katuba

Mama, jambo. Nasikia uchungu yako na sitakucheka. Lakini mutoto usimuache kule, leo hii kama iko kule enda umutoe. Siku 21 bila kula haitoe kitu isipokuwa kuharibu mwili, na hizi vyumba zingine hata mulango wanafungaka kwa kufuli.

Si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani iliitoa ku liste ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, njo ile siku hapa kwetu tunakumbuka askari ya Mzee Kabila kuingia Kinshasa mu 1997, na mu inchi mingi ni siku ya kupinga chuki juu ya homo. Lopitali haina dawa juu hakuna kitu ya kutibu, na pastere naye vilevile.

Ku Kanisa sitakudanganya. Desemba 2023 Roma ilitoa barua Fiducia Supplicans yenye kuruhusu baraka fulani kwa wapenzi wa jinsia moja, na tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika, Kardinali Ambongo mbele yao, wakasema hapa kwetu hapana. Basi baraka usiingoje. Lakini Katekisimu ile ile, namba 2358, inasema hawa watu wapokelewe na heshima na huruma, na wasibaguliwe bure. Tafuta padiri mwenye roho ya pole, huyo hatakuomba dola 300.

Bamama watakuambia umuolishe haraka, yataisha. Mama, tangu sheria ya 2006 juu ya jeuri ya kijinsia, kuolesha mutu kwa nguvu ni kosa, na mimi nimeona ndoa za namna hii, wawili wanalia mu nyumba moja, kisha watoto wanalia nao. Ile 300 lipa nayo minerval, makuta ya masomo yake. Na jioni akipika bukari, kaa naye ku mbabula, muongee mambo ya masomo tu, ile ingine ataileta yeye akiona hauna fimbo mukononi.

«Mimi na mwenzangu, sote wanawake, tunauza vitenge. Tunavukaka Kasumbalesa kununua vitu Ndola, tunalala chumba moja. Iko hatari?» Wawili, Ruashi

Wanawake wawili wa biashara mu chumba moja, hakuna mutu anauliza. Lakini mujue kama mukipita barière sheria imebadilika. Waingereza waliwaachia Zambia sheria kali yenye Wabeleji hawakutuachia sisi, kule inaweza kufika kifungo cha maisha, na hata wanawake inawagusa. Mu 2019 wanaume wawili walipigwa miaka 15, balozi wa Marekani akalalamika mupaka akaondoka, na Rais Lungu akawasamehe mu 2020, lakini sheria yenyewe ikabakia. Angola, jirani yetu upande ingine, walitoa ya kwao: walipiga kura 2019, code mupya ikaanza 2021. Hawa wanaosema mambo hii yote ililetwa na wazungu, waulize pia nani alileta sheria ya kuikataza.

Basi mbele ya kufika Kasumbalesa, picha na voisi za mapenzi zitoke mu simu, muache za vitenge na bei. Ku gesti muombe vitanda viwili. Kama mwenye gesti anaanza maswali ya bwana zenu wako wapi, muchukue mizigo muende ingine, kule Ndola gesti haikosekane.