Wasia wa Leicester na nyumba ya Mombasa

*Shangazi, mume wangu yuko Leicester mwaka wa 14 sasa. Kabla ya hapo alikuwa Dubai, na akaunti yake huko bado ipo. Hapa Mombasa tuna nyumba kwa jina lake, naishi na watoto na mama mkwe. Baba mkwe ameshatangulia. Ramadhani aliniachia bahasha: wasia wa wakili wa Uingereza, unaosema kila kitu kiwe changu. Nilipouliza habari za Dubai akaniambia nisimletee uchuro. Naona haya kuuliza tena, nisije nikaonekana namngojea afe.*

Mwanangu, kuuliza si uchuro. Kaka yangu alipofariki, akaunti yake ya nje tuliijua kwa karatasi moja ya benki iliyokuwa imekunjwa pamoja na risiti za umeme, chini ya sanduku la nguo. Mjane wake alikuwa hajui hata jina la benki. Sitaki yakukute hayo.

Mumeo amekufikiria, lakini bahasha hiyo usiitegemee kwa nyumba. Ardhi ya Kenya hufuata sheria ya Kenya, mwenye mali afie popote, na mirathi ya Mwislamu hugawanywa kisharia. Kwa kuwa kuna watoto, fungu lako ni thumuni, yaani moja ya nane. Mama mkwe ana sudusi yake, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto ikiwa yumo wa kiume, naye hupata mafungu mawili ya wa kike. Wasia hauvuki theluthi, tena haumwongezi mrithi mpaka wenziwe waridhie, na wewe ni mrithi. Kama kweli anataka nyumba iwe yako, akupe hiba, yaani zawadi, angali hai: atamke, upokee, akukabidhi, na jina libadilishwe kwenye hati. Mama yake, mumeo mwenyewe ndiye amwambie. Mzigo huo usimbebee.

Sasa itoe ile karatasi usome mistari ya mwanzo. Humo kwa kawaida huwa na maneno ya kufuta wasia zote zilizotangulia. Kama aliwahi kuandika mwingine Mombasa au Dubai, mstari huo mmoja unaweza kuufuta bila yeye kukusudia. Na kesho akiandika wa Mombasa kwa maneno yale yale, utaufuta wa Leicester. Kila wasia utaje ni wa mali ya nchi gani, na mawakili wote wawili waonyeshwe zote.

Pesa za Dubai zitahitaji amri ya mahakama ya huko. Karatasi ya Uingereza peke yake haitawatosha benki.

Lipo pia la kodi ya mirathi ya Uingereza. Tangu Aprili 2025, aliyekaa Uingereza miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa mali yake yote duniani, na nyumba yenu imo. Kinachozidi pauni 325,000 hutozwa asilimia 40. Mke ana msamaha, ila huwa na kikomo mke anapokuwa anaishi nje kama wewe. Amuulize wakili wake hilo la msamaha wa mke.

Akipiga simu, usianze na kifo. Mwambie umenunua daftari, unataka kuandika benki zote, namba za akaunti, wakili na pensheni yake, na watu anaowadai na wanaomdai. Anza wewe kumtajia vyako: dhahabu yako, kibubu chako, pesa za chama. Kisha umpe nafasi ataje vyake.