Ukipokea kesi ya mzee anayesahau, msikilize anayekesha naye

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama afisa ustawi wa jamii hapa Kilimanjaro, mwanamke mmoja kutoka Machame alikuja ofisini akilia. Alisema mama mkwe wake amebadilika: anaficha sufuria, anamtuhumu kuiba, usiku anafungua mlango anatoka. Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta bibi ameketi barazani, kitenge kimefungwa vizuri, kilemba kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Za utokako? Wazazi hawajambo? Karibu ndani upate chai."

Nikaandika kwenye daftari kwamba mzee anajitambua na anazungumza vizuri. Nikaondoka nikiamini kwamba mkwe ana ugomvi wake wa nyumbani. Wiki mbili baadaye bibi alikutwa saa nane za usiku kwenye barabara ya kuteremka Boma Ng'ombe, peku, akisema anakwenda kwa mama yake.

Wewe unayeanza, kosa hilo ndilo nataka ulikwepe kabla ya mengine yote. Salamu zetu ni ndefu na zina mwendo mmoja. Mtu aliyezitamka kwa miaka 70 hazitafuti kichwani, zinatoka zenyewe. Ugonjwa wa kusahau, yaani demenshia, hula mambo mapya kwanza: chakula cha asubuhi, mgeni wa jana, mahali funguo zilipowekwa. Salamu, sala na nyimbo za kanisani hubaki muda mrefu sana. Kwa hiyo usifunge daftari baada ya salamu. Kaa mpaka chai iive. Mtazame akichagua maharage au akichochea moto, uone kama kazi aliyoifanya maisha yake yote bado ina mpangilio, au anaweka chumvi, anakaa kidogo, anaweka tena. Kisha mchukue mkwe pembeni umwulize: usiku wa jana ulikuwaje?

Salamu hiyohiyo ndiyo mlango wako wa kuingilia. Ndugu wana tabia ya kumjaribu mzee: "Bibi, unanijua mimi ni nani?" Akikosea wanacheka au wanalia, na yeye anaona aibu ambayo itabaki hata akishasahau swali lenyewe. Wewe jitambulishe kila unapokwenda, hata kama ni mara ya thelathini: "Shikamoo bibi, ni Neema, binti wa ustawi wa jamii, nimekuja kukuona." Mpe jina, asilitafute. Na kama wewe ni mtu wa Tanga au Mtwara uliyepangiwa huku mlimani, jifunze salamu za Kichaga cha eneo lako. Wazee wengi waliojifunza Kiswahili shuleni au kazini hukipoteza kwanza, wakabaki na lugha ya mama. Nimewahi kukuta faili limeandikwa "haongei", na kumbe mzee alikuwa anaongea siku nzima, ila kwa Kimachame.

Kuhusu jina la ugonjwa. Hospitali wataandika demenshia, na aina inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Nyumbani utasikia "anasahau", "amechanganyikiwa", "ni uzee tu", "amerudi utotoni". Mimi husema ugonjwa wa kusahau, kisha naeleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, ugonjwa kamili kama kisukari kilivyo. "Uzee tu" naikataa, kwa sababu inamnyima mtu hospitali. Wilaya ya Hai, hapa Kilimanjaro, imefanyiwa utafiti wa nyumba kwa nyumba, na kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, waliokutwa na demenshia walikuwa kama sita katika kila mia. Maana yake wazee zaidi ya tisini katika mia wanazeeka bila ugonjwa huo. "Amerudi utotoni" naikataa pia. Bibi aliyelea watoto wanane si mtoto, na akiitwa mtoto atavuliwa nguo mbele ya wageni.

Lipo neno jingine ambalo ukilisikia unapaswa kusimama: "anatembea usiku." Kwa mganga wa zamu hospitalini ni dalili. Kwa jirani ni tuhuma ya uchawi. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, na wekundu huo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Usidhani mkoa wako umesalimika. Mzee anapoanza kutoka usiku, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mchungaji au shehe, na kwa majirani wa pande zote, wiki hiyohiyo. Waambie huyu mama ni mgonjwa, mkimkuta njiani msimpigie kelele, msalimieni, mwambieni mnaelekea njia moja, mrudisheni taratibu. Hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii kuliko fomu yoyote utakayoijaza, na hakuna daktari atakayeifanya badala yako.

Kosa langu la pili lilikuwa zito zaidi. Babu mmoja alikuwa anasahau polepole kwa karibu miaka mitatu. Binti yake alinipigia simu Alhamisi, akasema: "Dada, huyu si baba. Tangu Jumanne si yeye." Alikuwa anaona wadudu ukutani, analala mchana, usiku anapiga kelele. Nilimjibu kwamba ugonjwa unaendelea, nikamshauri afunge mlango kwa nje. Jumapili walimpeleka hospitali akiwa hajitambui. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo na mwili umekauka maji. Alipona, akarudi kwenye kusahau kwake kwa kawaida, na binti yake hakunilaumu kwa neno hata moja. Nilimwomba radhi.

Shika hili: demenshia huja kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya siku mbili tatu ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, mkojo, kukosa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya aliyonunuliwa dukani. Tena wapo wanaosahau kwa sababu zinazotibika, kama sonona, upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo kutofanya kazi sawasawa. Wewe si daktari, lakini ndiye unayeandika rufaa, na sentensi "amebadilika ghafla tangu Jumanne" ikiwa juu kabisa ya barua inaweza kumfanya mganga ainuke kwenye kiti. Sentensi hiyo hutaipata kwa mwingine isipokuwa kwa anayelala naye nyumba moja.

Sasa jambo gumu. Siku moja utaingia chumbani ukute mzee amefungwa kitandani kwa khanga. Chuo kimekufundisha kwamba huo ni ukatili, na ni kweli. Lakini usianze na polisi, na usianze na hotuba. Fungua khanga, mpe mzee maji, angalia ngozi yake, kisha kaa na aliyemfunga umwulize mara ya mwisho alilala saa ngapi mfululizo. Niliyemuuliza hivyo alifikiri kwa muda, akasema tangu Pasaka. Tulikuwa Agosti. Alikuwa na mtoto mchanga, na kisima kiko karibu na nyumba. Alimfunga mzee ili asizame.

Tulifanya nini? Kisima kikapata mfuniko wa mbao wenye kufuli. Mlango ukawekewa kengele ya mbuzi. Taa ndogo ya sola ikawashwa mapema, kabla giza halijaingia, kwa sababu jua likizama wengi wao huingiwa na hofu na kutaka "kwenda nyumbani" hata wakiwa nyumbani. Mjukuu wa kiume akapewa kazi ya kutembea na bibi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, saa kumi na moja jioni, wakate majani ya ng'ombe, ili usiku umkute amechoka. Dada wa kanisani akachukua usiku wa Ijumaa. Usingizi wa usiku mmoja kwa wiki ulibadilisha nyumba ile. Nilirudi baada ya siku tatu, kisha kila wiki. Wapo wanaofunga kwa chuki, nao sheria ina nafasi yake, usisite. Ila ujue kutofautisha, na hutajua ukiwa umesimama mlangoni na faili mkononi.

Halafu kuna Desemba. Kwa Wachaga watoto hurudi nyumbani Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Mama anawaona, nyumba inajaa, ndafu inakatwa, na kwa siku tatu anang'aa kuliko alivyokuwa mwaka mzima. Watoto wanamgeukia yule aliyebaki naye: mbona ulisema hali mbaya? Pesa zetu zinakwenda wapi? Nimeona wakwe na mabinti wakivunjika mioyo kwa maneno hayo. Kwa hiyo itisha kikao cha ukoo kabla hawajaondoka, tarehe 27 au 28, wala usikubali kiahirishwe hadi Pasaka. Mwombe mlezi tangu Novemba aandike daftari la usiku: saa aliyoamka, alichotafuta, mara alizojisaidia kitandani. Lisome wewe kwa sauti. Mfululizo wa usiku ishirini hausutiki kirahisi. Kisha zigawe zamu na gharama kwa majina, na mgonjwa mwenyewe akae kikaoni, asiwekwe jikoni. Aulizwe kwanza. Anaweza kusema jambo moja tu la maana, na mara nyingi jambo hilo ni wapi anataka kulala.

Kikao hicho kinaweza kugusa kihamba. Ukiona mtu mmoja ana haraka ya barua yako inayosema mzee hana akili timamu, au ya kumtia mzee dole gumba kwenye karatasi, simama. Kuthibitisha uwezo wa akili ni kazi ya daktari, na mambo ya ardhi yana wanasheria na mabaraza yake. Andika ulichokiona kwa macho yako, tarehe na saa, basi. Namba ya siri ya pesa za simu ya mzee usiijue kabisa, hata ukiombwa uishike kwa wema.

Kuhusu masomo nitasema kwa ufupi. Ukiwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, au chuo kingine, omba mafunzo kwa vitendo kwenye makazi ya wazee kama Njoro hapa Moshi au Nunge kule Kigamboni, hata kama wenzako wanakimbilia mashirika ya watoto. Jifunze taratibu za msamaha wa matibabu mpaka uzijue usingizini, kwa sababu nusu ya familia zako zitakwama kwenye dirisha la malipo. Jifunze pia kuhusu vipimo vilivyotengenezwa kwa wazee ambao hawakukaa darasani: kimoja kilichofanyiwa kazi huku Hai humwomba mzee apange njiti za kibiriti kwa kufuata mfano badala ya kuchora kwa kalamu. Na uliza kuhusu vikundi vya kuchangamsha akili, vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na kazi za mikono, ambavyo pia vimejaribiwa Hai. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo bado, lakini nimemwona mzee aliyenyamaza miezi mingi akieleza kundi zima jinsi ya kukausha kahawa.

Mzee atakapofariki, faili litafungwa. Usilifunge siku hiyo. Nenda msibani kama mtu wa nyumbani, kisha rudi matanga yakishaisha na wageni wakishaondoka. Mkwe yule wa Machame nilimkuta amekaa jikoni saa nne asubuhi, hajui aanze na kazi gani. Miaka sita usiku na mchana vilipangwa na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Hakuwahi kupimwa presha miaka yote hiyo, na tulipokwenda zahanati ilikuwa juu sana. Alikuwa ameacha genge lake la ndizi, mtaji umekwisha. Nilimpeleka kwa afisa maendeleo ya jamii, akaingia kwenye kikundi cha wanawake kinachoomba mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Siku hizi anauza ndizi tena, na familia mpya ikija ofisini kwangu ikilia, mara nyingi huwa namwomba aje akae nayo kabla yangu.