Kompresa inapoteza upepo usiku, usikimbilie kununua suichi

Mkuu, kama nimekupata vizuri kompresa yako ni ya lita 50, jioni unaiacha na bar 8 asubuhi unaikuta na 2, ukitega sikio inapuliza pale kwenye suichi ya presha, ile inayowasha na kuzima mota yenyewe, umeshanunua suichi mpya na bado inapuliza vilevile. Ile suichi ya zamani kama hujaitupa itunze, mie naona haikuwa na kosa lolote.

Iko hivi. Fuatilia kile kibomba chembamba kinachoingia chini ya suichi, utaona kinatokea kwenye kidude cha shaba kilichofungwa kwenye tangi, palepale linapoingia bomba kubwa la kutoka kwenye hedi, yaani kichwa cha kompresa pistoni inaposhindilia upepo. Hicho kidude ndo chekivalvu, kazi yake upepo uingie kwenye tangi na usirudi. Mota ikizima suichi inafungua kamlango kadogo ili upepo uliobaki kwenye hedi na kwenye lile bomba utoke, ndo ile psssss unayoisikia sekunde chache alafu kimya, na ile ni sawa kabisa, bila hiyo mota ikitaka kuwaka tena inakuta pistoni ina mzigo, inaguna tu haizunguki, mwisho wa siku unaunguza kapasita, kile kikopo kinachosaidia mota kuwaka, au mota yenyewe. Sasa chekivalvu ikichoka, upepo wa tangi zima unarudi kinyumenyume, unapita kwenye kile kibomba na kutokea kwenye suichi. Kelele iko kwenye suichi, ugonjwa uko kwenye tangi. Watu kibao wanauziwa suichi kwa hili na muuza spea hana haja ya kukuuliza maswali, umesema unataka suichi kakupa suichi.

Kutofautisha wala sio kazi. Ikipuliza mfululizo wakati mota imezima tu, chekivalvu hiyo. Ikipuliza wakati mota inazunguka, hapo ndo ushuku kale kamlango ka kwenye suichi kwamba hakafungi.

Ila kabla hujashika spana jiridhishe kwanza hakuna sehemu nyingine inayovuja, maana mashine ya zamani huwa haina tundu moja. Jaza, zima, chomoa plagi, funga koki ya kutolea upepo, alafu usisome geji hapohapo. Upepo ukitoka kushindiliwa ni wa moto, ukipoa presha inashuka yenyewe kidogo kisha inasimama, na kuna watu wanahangaika kutafuta tundu ambalo halipo. Shika tangi, likishapoa ndo weka alama. Geji ikisimama na koki imefungwa basi tangi liko salama, tatizo liko mbele huko kwenye mpira wa upepo, koplingi (kile kiungo cha kuchomekea mpira) au bunduki ya rangi, na mie naanza na koplingi kila siku, oringi zake ndani zinakatika mapema sana hasa ukivuta mpira huku umejaa. Geji ikiendelea kushuka chukua sabuni ya maji na maji kidogo, paka kwa brashi kila kiungo, kwenye shina la geji, seftivalvu (ile inayoachia upepo presha ikizidi), na ile koki ya chini ya kutolea maji, na usiwe na haraka, uvujaji mdogo povu lake linakuja taratibu kama vipele. Viungo vya kufunga kwa kuzungusha fungua ukiwa umeshatoa upepo wote, safisha, viringa tepu nyeupe ya fundi bomba kufuata upande kinakokazia, mzunguko wa mwanzo kabisa mdomoni uache wazi tepu isiingie ndani.

Haya, chekivalvu. Toa upepo mpaka geji isome sifuri na uache koki wazi, sio bar 1 sio nusu, kile kifuniko kikiruka kinaweza kukutoa jicho. Fungua kifuniko cha juu, ndani unakuta springi na kipande cha mpira. Mara nyingi mpira umekauka kwa joto la lile bomba au una alama ya duara iliyozama, na kwenye kikalio, pale mpira unapokalia, kuna masizi ya oili. Futa kwa kitambaa kisafi, petroli usiiguse huo mpira utavimba. Kikalio kama kina mikwaruzo pitisha msasa laini sana. Mpira kama pande zote mbili ni sawa ugeuze, upande ambao haujatumika ukae chini, hiyo inakuvusha vizuri tu huku unatafuta mpya. Usikate wa tyubu ya baiskeli kama wanavyofanya wengine, lile joto hauliwezi.

Kitu kimoja sitaki tuelewane vibaya: sabuni ikitoa povu kwenye bati lenyewe la tangi, hasa chini, hilo tangi limekwisha. Maji yanakaa humo, kutu inakula kutoka ndani, na tundu unaloliona ni pale tu palipotoboka kwanza, pembeni yake bati limebaki jembamba. Usipeleke kuchomelea, usipake gundi ya chuma, linapasuka. Sisi wa pwani huku na hili jasho la hewa ndo tunatakiwa kufungua ile koki ya chini kila jioni. Na seftivalvu ikivuja weka nyingine, nimeona gereji wameziba kwa bolti na watu wanapiga rangi pembeni yake hawana habari.

Ukishafunga, kama asubuhi unakuta 8 imekuja 7 achana nayo, fanya kazi. Ikiwa bado inapuliza kwenye suichi piga picha hicho kidude kikiwa wazi uweke hapa, zipo ambazo hazifunguki juu, hizo ni kubadilisha nzima, na ukienda dukani nenda nayo mkononi maana tredi zake, yale meno ya kufungia, zinatofautiana.