Kabla hujalipia hiyo baiskeli ya resi ya mtumba

Ndugu yangu, hiyo ya alumini uliyoiona soko la Kongowea, Mombasa, yenye mstari kwenye rangi unaokutia wasiwasi, igeuze miguu juu kabla hujataja bei. Tazama chini ya lile bomba nene linaloshuka kutoka usukani kwenda kwenye pedeli, pale pale nyuma ya uma, ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele. Baiskeli iliyogonga mbele mara nyingi hujikunja hapo. Pitisha kidole taratibu: ukihisi kijivimbe, au mstari wa rangi umelizunguka bomba, iache hata akikupa kwa nusu bei. Mkwaruzo wa kawaida hauna neno. Mpasuko ukucha hunasa, na ukifuta kwa kitambaa hauondoki. Stika mpya juu ya fremu kuukuu? Omba ibanduliwe.

Halafu kuna chumvi yetu ya pwani. Mwambie muuzaji alegeze skrubu ya kiti, kisha ukizungushe na kukivuta. Nguzo ya kiti ikigoma kabisa, imegandana na fremu, na kuing'oa ni kazi inayoweza kuua fremu yenyewe. Ukiona rangi iliyotutumka kama malengelenge karibu na skrubu, jua alumini inaliwa chini ya rangi.

Ipande kidogo, ila si barabara ya Nyali na matatu zile! Ikivutia upande mmoja na magurudumu yamekaa sawa, huenda uma au fremu imepinda.

Akikuletea ya kaboni badala yake, ipeleke kwa fundi anayeijua kaboni. Ile huweza kuvunjika ndani nje ikang'aa.